Rupia ya babu, senti za tundu na laki mbili na nusu ya "cheti"

*"Shikamoo mtaalamu. Babu yetu alifariki mwezi wa tatu huku Muheza, na kwenye sanduku lake tumekuta kopo la maziwa ya unga limejaa sarafu za kizamani. Nimehesabu 43. Nyingi zina tundu katikati. Baadhi zimeandikwa Heller, nyingine East Africa. Kuna senti kumi mbili za 1936. Kuna shilingi za simba, ya 1924 na ya 1952. Kuna moja kubwa, nzito, ya fedha, ina mwanamke mnene na mwaka 1780, imetobolewa kitundu kwa juu. Na kuna rupia moja ya Mjerumani ya 1890, mtu amevaa kofia ya chuma, upande wa pili simba na mti kama mnazi. Nilizisafisha kwa ndimu na majivu zikang'aa, nikapiga picha na kuziweka kwenye kundi la WhatsApp. Jamaa mmoja akaniambia rupia ni milioni 80, na ile ya 1780 ni zaidi kwa sababu ndiyo kongwe. Ana mnunuzi Mzungu, ila nitume kwanza laki mbili na nusu ya cheti cha uhalisi. Aliniambia pia niijaribu rupia kwa punje za mchele. Nimeijaribu, haikuvuta. Je, ni feki? Nifanye nini?"*

Marahaba, mwanangu, na poleni sana kwa msiba. Nianze na lililo la haraka: usitume hiyo laki mbili na nusu. Hata elfu tano ya "bodaboda wa kupeleka cheti" usitume. Kwenye biashara ya sarafu anayetoa pesa ni mnunuzi. Ukiona muuzaji ndiye anayetozwa kwanza, jua hapo mnunuzi hayupo. Rupia ya 1890 haidai cheti cha mtu yeyote ili iuzwe, na hakuna binadamu anayeweza kuthibitisha uhalisi wa sarafu kwa picha ya simu. Wapo wathibitishaji wa kweli, nitawataja, lakini wao huishika sarafu mkononi, huipima na kuigeuza chini ya lenzi.

Mchele nao tuumalize hapa hapa. Rupia ya kweli ni ya fedha, na fedha haivutwi na sumaku wala yenyewe si sumaku. Punje ya mchele ndiyo kabisa, hata sumaku ya spika haiivuti. Jaribio hilo limetungwa ili ushindwe, maana ukishashindwa utaambiwa rupia "imelala", inahitaji dawa, na dawa ina bei yake. Kwamba haikuvuta mchele hakusemi lolote kuhusu ukweli wake. Rupia zote halisi nilizowahi kuzishika zilikuwa hivyo hivyo, ukiziweka kwenye sinia la mchele zinakaa kimya kama kijiko.

Sasa tuje kwenye lile ambalo jamaa yako amelisema kwa kujiamini na wengi wanaliamini: kwamba sarafu kongwe ndiyo ghali. Sivyo. Umri ni habari tu. Bei inaletwa na mambo matatu yakikutana: zimebaki ngapi hadi leo, hiyo yako iko katika hali gani, na wako watu wangapi wanaoitafuta. Angalia mfano wa hapo Unguja ng'ambo yenu. Sultani Barghash alifulisha pesa za shaba zenye picha ya mizani, mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882. Zilikuwa nyingi mno, na mpaka leo watu wanazikuta kwenye makopo kama hilo la babu. Mwaka 1908, wakati wa Sultani Ali bin Hamud, zikafuliwa senti zenye picha ya mti, za 1, 10 na 20. Hizi ni changa kwa miaka 26, lakini ni adimu sana, na mkusanyaji anayeijua Zanzibar atalipa kwa senti moja ya 1908 kiasi ambacho hawezi kulipa kwa konzi nzima ya zile za mizani.

Hiyo ya 1780 ndiyo mfano mzuri kuliko yote, na iko mikononi mwako. Mwanamke huyo ni Maria Theresa wa Austria. Alifariki mwaka huo huo wa 1780, lakini sarafu yake ilikuwa imeshaaminiwa na wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, Uarabuni na Uhabeshi kiasi kwamba waliikataa nyingine yoyote. Basi viwanda vikaendelea kuifua vilevile, na mwaka ule ule, bila kuubadilisha. Vienna wamefua, Roma wamefua, London na Birmingham wamefua, Bombay pia, mpaka karne ya ishirini imekwenda mbali. Ziko mamia ya mamilioni. Pwani yetu ndiyo iliyokuwa riali ya kununulia pembe na karafuu. Kwa hiyo mwaka 1780 ulioandikwa pale haukuambii ilifuliwa lini. Ya kwenu huenda ni ya enzi za babu wa babu, huenda ni ya miaka ya 1930, na kuzitofautisha ni kazi ya kuhesabu lulu za kwenye bruchi, kile kipini cha vazi lake begani, na kupima manyoya ya tai kwa lenzi.

Halafu kile kitundu. Tundu la heller (sarafu ndogo za Mjerumani) au la senti limetoka kiwandani na halina ubaya wowote. Kitundu cha juu kwenye riali kimetobolewa na sonara ili ivaliwe kidani, na kwa mkusanyaji hilo ni jeraha. Riali yako sasa thamani yake ni fedha iliyomo: ikiwa kamili huwa na uzito wa gramu 28 na kidogo, na fedha safi ndani yake ni gramu 23 na nusu hivi. Itazame bei ya gramu ya fedha siku hiyo, utajua usishuke chini ya wapi. Ila mimi, kwa moyo wangu, nisingeiuza. Kuna bibi wa ukoo wenu aliyeivaa hiyo, na kwa gramu 23 za fedha hamtajenga nyumba.

Kabla hata ya kufika huko, hakikisha ni ya kweli, maana riali hizi zinaghushiwa sana. Itazame ukingoni, ule unene wake. Ya kweli ina maneno ya Kilatini yaliyoinuka kuizunguka, IUSTITIA ET CLEMENTIA, maana yake haki na huruma. Ukikuta ukingo mtupu, au mstari kama wa mshono, hiyo imemiminwa kwenye kalibu.

Senti kumi za 1936 ndizo zinazoleta maneno mengi kuliko zote. Soma maandishi: EDWARDVS VIII. Huyu ni mfalme Edward wa Nane wa Uingereza, aliyekaa kwenye kiti chini ya mwaka mmoja, kuanzia Januari hadi Desemba 1936, kisha akakiacha ili amuoe mwanamke aliyempenda. Sarafu zenye sura yake hazikuwahi kuingia mtaani kule kwao. Chache za majaribio zikabaki, na moja ya dhahabu iliuzwa mwaka 2020 kwa pauni milioni 1. Habari hiyo ikazunguka, ikafika kwenye makundi ya WhatsApp, na sasa kila mwenye senti kumi ya 1936 anajiona tajiri. Kilichosahauliwa ni kwamba senti zetu zina tundu pale ambapo kichwa kingekaa. Zilihitaji jina la mfalme tu, si sura, kwa hiyo hapakuwa na cha kusubiri. Zikafuliwa kwa mamilioni na zikatumika Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Nenda nazo popote duniani utapata dola chache, na kwa zilizochakaa, pengine dola moja. Ni sarafu zenye kisa kitamu na bei ndogo. Zitunze kwa ajili ya kisa.

Shilingi za simba sizichelewi. Ya 1924 ina fedha robo tu, robo tatu zilizobaki ni madini mengine, na iliyochakaa thamani yake ni ndogo. Ya 1952 haina fedha hata chembe, ni shaba na nikeli. Mabadiliko hayo unaweza kuyaona kwa macho: shilingi za Mfalme George wa Sita mpaka 1946 zina maneno ET IND IMP, yaani mtawala wa India. Kuanzia 1948 India imeshaondoka, maneno yakafutwa, na fedha nayo ikaondoka pamoja nayo. Sonara akikwambia "shilingi za simba zote ni fedha", au hajui au anakupima.

Sasa rupia. Hii ndiyo sarafu ya maana katika orodha uliyonipa. Huyo mwenye kofia ni Kaisari Wilhelm wa Pili, na maandishi ni GUILELMUS II IMPERATOR. Upande wa simba utakuta jina la kampuni, Deutsch-Ostafrikanische Gesellschaft, maana mwaka 1890 sarafu za huku zilitolewa na kampuni ya biashara. Serikali ya kikoloni ilikuja kuzichukua baadaye, na mwaka 1904 hesabu ya rupia moja kwa pesa 64 (pesa ni sarafu ndogo ya shaba) ikaondolewa, zikaletwa heller 100 kwa rupia. (Kila ukisema "sina hela" unazitaja hizo.) Kampuni iliipa rupia yake uzito ule ule wa rupia ya India, gramu 11.66, na fedha sehemu 917 kwa kila 1,000, kwa sababu wafanyabiashara wa Bagamoyo na Tanga walikuwa wamezoea ya India na wasingepokea pungufu.

Hapo ndipo pa kuanzia kuipima. Nenda kwa sonara unayemfahamu, mwombe mizani yake ya dhahabu. Iliyochakaa inaweza kupungua kidogo, 11.4 au 11.5, lakini ikisoma 9 au 13 kuna tatizo. Upana wake ni milimita 30. Isogezee sumaku: ikivutwa, ni chuma kilichopakwa. Kisha ichunguze kwa lenzi kwenye uwanja mtupu unaozunguka kichwa. Sarafu iliyogongwa kwa mashine ina uwanja laini na herufi zenye kingo kali. Iliyomiminwa ina vishimo vidogo vidogo kama ngozi ya chungwa na herufi zimevimba kama mkate. Fanya yote haya ukiwa umeketi mbele ya sonara, usimwachie "mpaka kesho". Na akisema atainunua kwa gramu, mshukuru uondoke, kwa sababu yeye anaiona kama fedha ya kuyeyusha.

Uchakavu nao una mahali pake. Tazama tai aliyekaa juu ya kofia, masharubu, na shavu, kisha geuza uone manyoya ya simba shingoni. Hizo ndizo sehemu zilizoinuka, ndizo zilizosuguliwa kwanza mifukoni. Kama manyoya yanaonekana moja moja, una sarafu nzuri. Kama simba amekuwa kivuli tu, una sarafu ya kawaida. Kati ya hizo mbili bei hupishana mara nyingi, si mara moja na nusu. Rupia iliyochakaa huenda kwa makumi ya dola. Ambayo haikuwahi kutumika hufika mamia. Milioni 80? Hiyo ni habari nyingine kabisa. Hata ile sarafu ya Kijerumani ya huku inayotafutwa kuliko zote, rupia 15 ya dhahabu yenye tembo na mlima, iliyofuliwa Tabora mwaka 1916 kama vipande 16,000 tu, haifiki huko kwa mauzo ya kawaida.

Nimelichelewesha la ndimu kwa makusudi, kwa sababu litakuuma. Ndimu na majivu zimeipunguzia rupia hiyo thamani, pengine kwa nusu. Weusi uliokuwa juu yake haukuwa uchafu. Fedha hukutana na salfa iliyomo hewani ikajifunika utando mwembamba, na utando huo ukikaa miaka mingi huilinda na huwa ushahidi kwamba haijaguswa. Asidi ya ndimu imeula utando, na majivu, ambayo husugua kama mchanga laini, yamechora mistari isiyohesabika. Sarafu inapogongwa kiwandani, madini husukumwa kwa nguvu kuelekea ukingoni na kuacha mifereji midogo mno. Ukiizungusha chini ya taa, mwanga hukimbia juu yake kama miali ya gurudumu. Mifereji hiyo ikishasuguliwa hairudi. Mwanga wa sarafu iliyong'arishwa hukaa tu mahali pamoja, mweupe, kama sufuria mpya. Mkusanyaji anaiona tofauti hiyo kabla hajasoma mwaka.

Usijilaumu kupita kiasi. Nilipokuwa naanza nilipata pesa moja ya Barghash ya rangi ya chokoleti, safi kabisa, nikaisugua kwa dawa ya vitasa vya mlango ili nimpelekee mwalimu wangu wa sarafu ing'aayo. Aliiangalia, akanirudishia, akaniuliza kama nimekuja na nauli ya kurudia. Ninayo mpaka leo, ya waridi kama kamba aliyechemshwa.

Ambazo hujazigusa, ziache zilivyo. Ulizozipaka ndimu, zisuuze kwa maji ya betri yasiyo na asidi, yale yaliyosafishwa kwa mvuke, ili chumvi na asidi iliyobaki itoke, kisha zilaze kwenye kitambaa cha pamba zijikaushe zenyewe. Usifute. Ukiona unga wa kijani unaochomoza kwenye za shaba, zitenge, maana ule unasambaa, hasa kwa unyevu wa Tanga. Kila moja iingie kwenye bahasha yake ndogo ya karatasi, iandikwe kwa nje. Usitumie vile vifuko laini vya plastiki vinavyonuka kama pazia la bafuni. Plastiki hiyo hutoa asidi baada ya muda.

Kujua bei ya kweli, usitazame watu wanaomba ngapi. Yeyote anaweza kuandika milioni 80. Tazama zilizokwisha kuuzwa: nyumba za minada huweka wazi matokeo yao, na masoko makubwa ya mtandaoni yana sehemu ya kuchuja bidhaa zilizouzwa tu. Tafuta mwaka ule ule, hali ile ile, na iliyosafishwa kama yako. Makampuni ya upimaji kama PCGS na NGC ya Marekani huipa sarafu alama kuanzia 1 hadi 70 na kuifungia kwenye kasha, lakini iliyosafishwa hawaipi alama kamili, huandika tu kwamba ilisafishwa. Ukijumlisha ada na usafirishaji, kwa rupia yako haifai. Okoa pesa zako.

Na hili si la sarafu, ila nalisema kwa kuwa nimeona ndugu wakigombana: kopo hilo ni mirathi. Kabla hujauza hata heller moja, keti na wajomba, shangazi na ndugu zako, andikeni orodha ya vipande vyote 43, kila kimoja na picha ya pande zote mbili. Mali bila daftari hupotea bila habari. Picha zikiwa kwenye kundi la watu usiowajua na sarafu zikiwa nyumbani, zitoeni nyumbani pia, muzihifadhi penye usalama. Kama jamaa huyo ataendelea kukusumbua, au tayari kuna ndugu aliyemtumia chochote, nenda polisi na namba yake na ujumbe wake wote, usiufute.

Yapo mambo ambayo jibu la maandishi halitoshi na inabidi mtu azione. Ukikuta visarafu vidogo vyembamba vya shaba vyenye Kiarabu pande zote mbili, ambavyo havina mwaka wala mizani, vinaweza kuwa vya masultani wa Kilwa. Hivyo havina soko. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na kuvitoa nje ya nchi bila kibali ni kosa. Peleka Idara ya Mambo ya Kale au Makumbusho ya Taifa, na kama vilifukuliwa, kumbuka mahali, kwa sababu kwa wanahistoria mahali pana thamani kuliko kisarafu chenyewe. (Msomaji wa Mombasa aangalie: Kenya mpaka wao ni 1895, kwa hiyo pesa ya mizani ya Mombasa ya 1888 inaingia.) Ukikuta dhahabu, au senti ya Zanzibar ya 1908, usiuze kwa mtu wa kwanza. Tafuta maoni ya watu wawili wasiojuana, na ambao hawakutaki uwauzie wao.

Mwisho, rudi kwenye kopo. Umeniambia heller zenye tundu, hukuniambia kama kuna zisizo na tundu. Zitafute, hasa za rangi ya njano au nyekundu zilizogongwa vibaya, herufi zimepinda na taji limekaa upande, moja inaweza kuwa kubwa karibu kama rupia. Watu huzitupa wakidhani ni feki. Angalia mwaka kama ni 1916, na chini yake kama kuna herufi. A ni Berlin, J ni Hamburg. Ukiona T, hiyo ni Tabora, karakana ya reli, wakati wa vita, meli za Ujerumani haziwezi tena kuleta sarafu na mafundi wanagonga kwa vifaa walivyonavyo, miezi michache kabla Wabelgiji kutoka Kongo hawajauteka mji mwezi Septemba. Ubaya wa kazi yake ndio ushahidi wake, na bei yake ni mara nyingi ya zile safi za Berlin. Ipige picha karibu na dirisha, mwanga ukitokea ubavuni, weka na rula, uniandikie. Na ndimu ikae mbali.